Mbunge Anahitaji Jibu la Kuwapa Majirani Zake

Mama yule alikuwa ameandika kurasa mbili kwa mkono, akapigia mistari maneno aliyoogopa kuyasahau, kisha akazikunja mara nne na kuzitia katika mfuko wa koti. Tuliposimama kwenye ushoroba wa ofisi za wabunge mjini Saint Paul, makao makuu ya jimbo la Minnesota hapa Marekani, alizitoa, akazisoma, akazirudisha, na baada ya muda mfupi akazitoa tena. Mama yake mzazi anaishi katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nami ni mmoja wa wanaomtunza. Ndiyo sababu aliniomba nimsindikize, kwa kuwa hakutaka kuingia peke yake. Alikuwa ameendesha gari tangu alfajiri kutoka mji mdogo wa kaskazini mwa Minnesota ili azungumze na mbunge wake kuhusu binti yake, ambaye alizaliwa akahesabiwa kuwa mvulana na ambaye sasa, akiwa katika shule ya upili, anaishi kama msichana.

Msaidizi wa ofisi alimwuliza jina na msimbo wa posta, akaviandika kwenye kadi. Mbunge akatoka, akampa mkono, na kabla mama hajazikunjua karatasi zake akamwuliza swali moja.

"Unatoka mji gani?"

Akautaja. Mbunge akaitikia kwa kichwa, akataja kanisa lililo kwenye njia panda ya mji huo na duka la chakula cha mifugo lililo mkabala nalo, akauliza kama anaishi karibu na hapo, akamshukuru kwa kuja, kisha akaitwa ukumbini kupiga kura.

Karatasi hazikusomwa.

Hasira yangu, si yake

Nilikasirika kwa niaba yake. Niliona kwamba mtu aliyesafiri saa nyingi akiwa amebeba uchungu wa mtoto wake anastahili kuulizwa habari za mtoto, si habari za anwani. Yeye mwenyewe hakukasirika. Tulipokuwa tukielekea kwenye maegesho alisema kwamba kuanzia siku ile mbunge anajua kuna mzazi kama yeye katika mji ule, na hawezi tena kujiambia kwamba hakuna.

Sikumwelewa, na maneno yake yamenisumbua kwa wiki kadhaa, nikiwa kazini na nikiwa kanisani. Je, haki ya binadamu inapaswa kusubiri mpaka mbunge apate mtu wa kuihusisha naye? Na kama ndivyo siasa zinavyokwenda, ni nani anayelipa gharama ya kujitokeza ili ahusishwe nayo?

Kilichonisaidia kufikiri si falsafa. Ni historia ya bunge hili hili la Minnesota, ambayo sisi tuliohamia hapa tukiwa watu wazima hatukuisoma shuleni.

Mswada mmoja, miaka ishirini

Allan Spear, aliyekuwa mhadhiri wa historia katika Chuo Kikuu cha Minnesota, alichaguliwa kuingia Seneti ya jimbo mwaka 1972. Desemba 1974 alitangaza gazetini kwamba yeye ni mpenzi wa jinsia moja, wakati ambapo wanasiasa waliothubutu kusema hivyo katika Marekani nzima walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mswada wa kukataza watu kufukuzwa kazi au kunyimwa nyumba kwa sababu hiyo ulishindwa katika miaka ya 1970, ukaletwa tena, ukashindwa tena. Mwaka 1978 wapiga kura wa Saint Paul, jiji lilelile lenye jengo la bunge, waliifuta sheria ya jiji lao iliyokataza ubaguzi huo. Fikiria kuwa wewe ni mbunge wa kijijini unayeyatazama matokeo hayo: kama jiji limekataa, utawaambia nini wakulima wako?

Mwaka 1980 alichaguliwa Karen Clark, muuguzi, katika Baraza la Wawakilishi, na wapiga kura wake wa Minneapolis walijua kwamba anapenda wanawake. Naitaja kazi yake kwa sababu ni jamaa ya kazi yangu, na kwa sababu naamini mtu aliyezoea kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa hujifunza uvumilivu ambao siasa huuhitaji kuliko ufasaha. Yeye katika Baraza na Spear katika Seneti waliubeba mswada ule mwaka baada ya mwaka. Nje ya bunge kazi ilikuwa ndogondogo na ya kuchosha: barua, mikutano katika vyumba vya chini vya makanisa, safari za kumtafuta mtu mmoja katika kila eneo bunge aliyekuwa tayari kusema kwa jina lake. Saint Paul yenyewe ilipata sheria mpya mwaka 1990, na safari hii, jaribio la kuifuta lilipofika kwa wapiga kura mwaka 1991, walikataa kuifuta.

Mwaka 1993 mambo yaligeuka. Spear sasa alikuwa rais wa Seneti. Dean Johnson, kiongozi wa maseneta wa chama cha Republican waliokuwa wachache, mchungaji wa Kilutheri kutoka Willmar, alisimama na kuuunga mkono mswada. Gavana Arne Carlson, naye wa Republican, aliutia saini mwezi Aprili. Minnesota ikawa jimbo la kwanza Marekani kuwalinda kisheria hata watu waliobadili jinsia, wakati ambapo majimbo mengi hayakuwa yamewafikiria kabisa.

Lakini sheria ile iliongezewa kifungu kilichosema kwamba hakuna neno ndani yake linalomaanisha kuwa jimbo linaridhia mapenzi ya jinsia moja, wala kwamba linaruhusu ndoa ya namna hiyo.

Nimekisoma kifungu hicho zaidi ya mara moja. Nawaza juu ya waliokaa katika roshani ya wageni wakisikiliza bunge likiwapa ulinzi na papo hapo likijitenga nao. Wapo wanaosema wangepaswa kuukataa mswada wenye maneno hayo, na mwanzoni nilikuwa upande wao, kwa kuwa nafahamu ilivyo kupokewa kwa masharti. Sasa naona walifanya sawa. Mtu aliyefukuzwa kazi Ijumaa ana kodi ya nyumba ya kulipa mwanzo wa mwezi, na hawezi kungoja mpaka majirani wajifunze kumpenda. Kifungu kile kiliwapa wabunge jambo moja ambalo barua zote za miaka ishirini hazikuwapa: sentensi ya kusema walipoulizwa nyumbani. "Tumekataza watu kufukuzwa kazi. Hatukusema zaidi ya hapo."

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa mama yule.

Usiku wa Mei 2011

Mwaka 1997 bunge lilikataza ndoa za jinsia moja kwa sheria ya kawaida. Mwaka 2011, Republican walipokuwa na wingi katika mabaraza yote mawili, walitaka katazo hilo liingie katika katiba ya jimbo kwa kura ya wananchi. Kila aliyefuatilia siasa alijua jinsi kura za aina hiyo zilivyokuwa zikiisha: jimbo baada ya jimbo, wapenzi wa jinsia moja walikuwa wakishindwa.

Usiku wa tarehe 21 Mei, Baraza la Wawakilishi lilijadili pendekezo hilo huku watu wakiimba nje ya milango ya ukumbi. Alisimama John Kriesel, mbunge wa Republican aliyepoteza miguu yote miwili vitani Iraq mwaka 2006. Mkononi alikuwa na picha ya Andrew Wilfahrt, koplo kutoka Rosemount aliyeuawa Afghanistan Februari mwaka ule, mpenzi wa jinsia moja, ambaye wazazi wake walikuwa wamekuja bungeni kumsemea mtoto ambaye hakuweza tena kujisemea. Kriesel alieleza kwamba hawezi kuitazama picha ile na kumwambia koplo huyo kuwa alifaa kuifia nchi yake lakini hakufaa kumwoa ampendaye.

Pendekezo lilipita kwa kura 70 dhidi ya 62. Wabunge wanne tu wa Republican walilipinga.

Kwa muda mrefu niliisoma hotuba ile kama simulizi ya kushindwa kwa heshima, na nadhani nilikuwa naiangalia upande mmoja tu. Wazazi wa koplo hawakubadili matokeo ya usiku ule, lakini walikuwa wameliweka mezani jambo ambalo mtu wa chama chochote, hasa mwanajeshi mstaafu wa mji mdogo, angeweza kulirudia kwa jirani yake bila kuona haya. Aisifuye mvua imemnyea, na Kriesel alikuwa amenyeshewa.

"Kwa nini nyinyi mlioana?"

Kampeni ya kuipinga kura hiyo iliitwa Minnesotans United for All Families, ikiongozwa na Richard Carlbom, na uamuzi wake mkubwa ulikuwa kuacha kuanza na neno haki. Katika majimbo mengine wanaharakati walikuwa wamezungumza juu ya usawa, ubaguzi na manufaa ya kisheria, wakashindwa California mwaka 2008 na Maine mwaka 2009. Utafiti wa maoni ulikuwa umeonyesha jambo linaloumiza kidogo: watu wakiulizwa kwa nini wao wenyewe walioana, husema mapenzi na ahadi, wakiulizwa kwa nini wapenzi wa jinsia moja wanataka kuoana, husema bima na kodi. Kwa hiyo wajitolea wa Minnesota walipiga simu na kuuliza swali la kawaida sana: kwa nini nyinyi mlioana? Kisha wakanyamaza na kusikiliza, na baada ya hapo wakasimulia habari za kaka, binti au mfanyakazi mwenzao ambaye alitaka jambo lilelile.

Upande wa pili haukulala. Askofu mkuu wa Katoliki wa Saint Paul na Minneapolis, John Nienstedt, aliifanya kura hiyo kuwa kazi kubwa ya jimbo lake la kanisa. Wakati huohuo sinodi kadhaa za Kilutheri zilipitisha maazimio ya kuipinga, na katika jimbo hili ambako Walutheri wako kila kijiji, jambo hilo lilimaanisha kwamba watu wa imani moja wangeweza kubishana wakinywa kahawa baada ya ibada bila yeyote kuitwa kafiri.

Tarehe 6 Novemba 2012 pendekezo lilishindwa. Katiba ya Minnesota inataka marekebisho yaungwe mkono na zaidi ya nusu ya wote waliopiga kura siku hiyo, kwa hiyo anayeacha nafasi ile tupu huhesabiwa kama aliyesema hapana. Lakini hata bila kura tupu, waliosema hapana kwa kalamu yao walikuwa zaidi ya asilimia 51.

Na bado mkakati huo unanisumbua.

Unanisumbua kwa sababu uliwataka watu wafungue nyumba zao kwa wageni. Mtu alimweleza sauti isiyo na uso kwenye simu kuhusu mwenzake aliyeugua saratani, kuhusu baba aliyekataa kuja harusini, na mwisho wa yote sauti ile ingeweza kusema asante, nitapiga kura ya ndiyo kwa katazo, na kukata simu. Kisha akabonyeza namba nyingine. Wasioweza kusimuliwa vizuri, wale ambao maisha yao hayana harusi wala bustani mbele ya nyumba, hawakupata nafasi kubwa katika mazungumzo hayo. Mama wa kaskazini aliniambia kwamba kabla ya kuja Saint Paul alimpa binti yake zile kurasa mbili azisome, naye akafuta aya moja yote kwa kalamu nyekundu. Mama hakumwuliza kwa nini. Aya ile ndiyo aliyoitegemea zaidi, na akaja bila hiyo.

Kampeni inayoishi kwa simulizi inahitaji mtu mwenye kalamu nyekundu, na kalamu hiyo inapaswa kuwa mkononi mwa mwenye maisha, si mwa mkuu wa mawasiliano.

Waliolipa

Ushindi wa Novemba ulizuia katazo la kikatiba, lakini haukuruhusu ndoa hata moja. Democratic, ambao hapa huitwa DFL, walishinda mabaraza yote mawili siku hiyohiyo, na baadhi ya wabunge wao walitoka katika maeneo ambako wengi walikuwa wameunga mkono katazo. Ukitazama ramani ya kaunti 87, nyingi zilisema ndiyo. Ushindi ulitoka mijini na katika vitongoji vyake.

Joe Radinovich wa Crosby, mmoja wa vijana bungeni, aliwakilisha eneo lililounga mkono katazo kwa wingi mkubwa. Alipiga kura kuruhusu ndoa, na wapo waliojaribu kumwondoa kabla muda wake haujaisha. Tim Faust wa Hinckley, mchungaji wa Kilutheri, alipiga kura hiyohiyo. David FitzSimmons wa Republican alileta marekebisho yaliyotenganisha ndoa ya kiserikali na ibada za makanisa, kisha akauunga mkono mswada pamoja na wenzake watatu wa chama chake. Baraza lilipitisha kwa kura 75 dhidi ya 59 tarehe 9 Mei 2013. Seneti, kwa 37 dhidi ya 30 tarehe 13. Gavana Mark Dayton akatia saini kesho yake kwenye ngazi za kusini za jengo la bunge, mbele ya maelfu. Waliousimamia mswada ni Seneta Scott Dibble na Karen Clark, yule muuguzi wa 1980, aliyekuwa bado yumo.

Mwaka uliofuata Radinovich alishindwa uchaguzi. Faust alishindwa. FitzSimmons alinyimwa uteuzi wa chama chake.

Mbunge anaweza kuamini jambo na bado asilipigie kura, na kwa kawaida tunamwita mwoga. Nadhani mara nyingi kinachomkosesha si imani bali jibu: Jumamosi atakutana na mtu aliyemfundisha mtoto wake kuvua samaki, ataulizwa kwa nini, na lazima aseme kitu ambacho mtu huyo atakielewa. Kazi ya mwananchi anayekwenda Saint Paul ni kumpelekea jibu hilo likiwa na jina la mji. Nikilitazama hivyo, swali la mbunge halikuwa la kumpuuza mama yule. Alikuwa anapima kama anaweza kulitumia jibu lake pale kwenye duka la chakula cha mifugo. Hilo halimwondolei wajibu wa kusoma karatasi, na natumaini atazisoma, kwa maana mama aliziacha kwa msaidizi.

Mzee wa kanisa letu

Niliyasema haya kwa mzee mmoja wa kanisa letu la Wakenya hapa Brooklyn Park, mtu aliyenipokea nilipofika nikiwa sina hata koti la baridi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mbona unajiingiza katika mambo ya Wazungu? Sisi tulikuja kutafuta riziki."

"Baba, sheria ya kuzuia mtu kufukuzwa kazi kwa sababu ya alivyo ndiyo sheria ileile inayokulinda wewe kwa sababu ya rangi na nchi ulikotoka. Ni sura moja, kitabu kimoja."

"Hiyo ya rangi ni tofauti."

"Aliyeiandika hakuitofautisha."

Alinyamaza, kisha akasema tutazungumza siku nyingine, na kwa heshima niliyo nayo kwake sikumfuata na maneno zaidi. Najua anakotoka, kwa kuwa ndiko ninakotoka. Nchini Kenya Mahakama Kuu ilikataa mwezi Mei 2019 kuvifuta vifungu vya sheria ya makosa ya jinai vinavyoadhibu mahusiano ya jinsia moja. Ilipofika Februari 2023 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba shirika la kuwatetea watu hao lina haki ya kusajiliwa, na wanasiasa wakaja juu. Mzazi wa Kisii au wa Nakuru mwenye mtoto kama huyu hana ofisi ya mbunge anayoweza kuingia na kurasa mbili bila kuhofia kwamba usiku huo mtaa mzima utajua. Hiyo ndiyo tofauti ninayoihisi kila ninapopita mbele ya jengo la Saint Paul, na ndiyo inayonifanya nisikubali kwamba haya ni mambo ya wengine.

Kura moja

Mwaka 2023 bunge lilipitisha sheria ya kuwapa hifadhi watu waliobadili jinsia wanaokuja kutafuta matibabu kutoka majimbo yanayoyakataza. Aliyeubeba mswada ni Leigh Finke, mbunge wa kwanza hapa aliyejitambulisha wazi kuwa amebadili jinsia, na Gavana Tim Walz akautia saini mwezi Aprili. Miaka miwili baadaye viti vya Baraza viligawanyika karibu sawasawa, na tarehe 3 Machi 2025 mswada wa kuwazuia wasichana waliobadili jinsia wasicheze katika timu za wasichana ulipata kura 67 dhidi ya 66. Zilihitajika 68. Ulishindwa kwa kura moja, na hakuna anayeamini kwamba hautarudi.

Kwa hiyo nimeomba miadi na mbunge wa eneo langu. Sitasimulia habari za binti wa kaskazini, kwa kuwa si zangu na kwa kuwa kuna aya aliyoifuta. Nitataja Brooklyn Park nikiulizwa mji, na kanisa nikiulizwa kanisa. Nitamwambia kwamba Wakenya wa hapa hatuna msimamo mmoja, kwamba wapo wazee watakaompigia simu kumwambia kinyume cha ninayosema na ambao nawapenda, na kwamba mimi ni mmoja wa wapiga kura wake wanaotaka sheria ya 1993 na ile ya 2023 zibaki zilivyo.